Shibiri Moja ya Utulivu

Usiku wa kuamkia Ijumaa nyumbani kwetu hufukizwa udi. Kaa jekundu linawekwa kwenye chetezo, kipande cha udi kinatiwa juu yake, na kabla harufu haijafika ukumbini moshi unakuwa umeshasimama. Nasema umesimama kwa sababu ndivyo unavyoonekana: uzi mmoja mweupe, umenyooka, hautikisiki, kama uliofungwa kwenye boriti ukavutwa. Unapanda hivyo kiasi cha shibiri moja, pengine moja na nusu. Halafu unayumba kidogo, unajikunja, unajiviringa, na juu ya hapo uzi haupo tena. Kuna visulisuli tu, vikubwa vikizaa vidogo, mpaka vinapotelea darini.

Wiki iliyopita nilikaa mkekani na rula ya mwanangu mkubwa nikapima. Mlango umefungwa, sote tumetulia: uzi ulifika sentimita 31 kabla ya kuvunjika. Mdogo wake akapita mbio kwenda jikoni: sentimita 12, na ilichukua karibu dakika nzima kurudi ulipokuwa. Kaa lilikuwa lilelile na udi uleule. Kilichobadilika ni upepo wa kanzu ya mtoto.

Rula niliitoa ndani ya daftari lake la fizikia. Yuko Kidato cha Tano, na daftari lina ukurasa mmoja juu ya jambo hili hili, umeandikwa kwa Kiingereza, lakini kwa lugha yetu unasema hivi: mtiririko ndani ya bomba, namba yake ya Reynolds (maana yake inakuja hapa chini) ikiwa chini ya 2,000, ni tulivu, ikiwa juu ya 4,000 ni wa msukosuko, katikati ni mpito. Mistari mitatu, imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, ihifadhiwe kwa mtihani. Hakuna uongo ndani yake. Lakini inamfanya mwanafunzi aamini kwamba maji yanavuka kutoka utulivu kwenda msukosuko kama gari linavyovuka kizuizi barabarani, ukishapita umepita. Sivyo yanavyofanya. Ule mpito uliopewa neno moja ndio wenye elimu yote, na wanasayansi wamehangaika nao kwa zaidi ya miaka 140. Inaniuma kuona watoto wetu wanapewa namba tupu, wakati kitu chenyewe kinapanda mbele ya macho yao kila wiki kutoka kwenye chetezo.

Aliyeutazama mpito huo kwa subira kubwa ni Osborne Reynolds, mzaliwa wa Belfast, profesa wa uhandisi mjini Manchester, Uingereza. Kazi yake ilichapishwa mwaka 1883. Alitengeneza tangi lenye pande za kioo, akazamisha ndani yake bomba la kioo lenye mdomo mpana kama wa tarumbeta, kisha akapitisha katikati ya mdomo huo uzi mwembamba wa maji ya rangi. Akiachia maji kidogo kidogo, rangi inapita ndani ya bomba mwanzo hadi mwisho bila kutikisika. Akiongeza kasi taratibu, panafika pahala ambapo rangi, ikiwa imeshasafiri masafa fulani, inavurugika ghafla na kulijaza bomba zima. Kwa macho matupu aliona ukungu wa rangi tu. Alipoumulika kwa cheche ya umeme, ule ukungu ukaonekana ni visulisuli vitupu, kila kimoja na umbo lake. Ni moshi wetu wa udi, umelazwa ndani ya kioo.

Reynolds aligundua kwamba kasi peke yake haiamui. Kuna mambo manne yanayokwenda pamoja: kasi, upana wa njia, densiti ya kimiminika (uzito wake kwa ujazo) na mnato wake. Zidisha matatu ya mwanzo, gawa kwa mnato, unapata namba isiyo na kizio, ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Juu ya mstari kuna ukaidi wa maji, ile tabia ya kila kinachokwenda kutaka kuendelea na mwendo wake. Chini ya mstari kuna mnato, tabaka moja kulishika jengine na kuzima kila fujo inayotaka kuinuka. Mpishi wa halua anaujua mnato kwa mabega yake. Mwanzoni, sufuria ikiwa bado ni maji ya wanga na sukari, mwiko ukipita unaacha visulisuli nyuma yake. Halua ikishashika, mwiko uleule unapita na njia yake inabaki imechorwa, kimya, mpaka uzito wenyewe uifunge.

Wazee wetu wanasema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Walikusudia mengine, lakini katika mas-ala haya methali inakwenda mbali kuliko walivyoipeleka. Kwa kiumbe mdogo maji si mengi zaidi tu, yamekuwa kitu chengine. Bakteria anayeogelea ana namba ya Reynolds ndogo kuliko moja kwa elfu. Kwake yeye maji ni kama asali ilivyo kwetu, na hakuna kisulisuli anachoweza kukiamsha. Ruka sasa hadi mkondo wa bahari baina ya Unguja na bara, ambao kina chake ni kiasi cha mita 40. Maji yakitembea nusu mita kwa sekunde, namba inapita milioni 20. Asubuhi ya matlai, ukisimama Forodhani ukaiona bahari ni kioo mpaka kisiwa cha Changuu, ni uso tu uliotulia. Ndani maji yanajiviringa. (Na kinachomtapisha abiria wa boti ya Pemba akishapita Nungwi ni mawimbi, jambo jengine kabisa. Wimbi linapita na kuyaacha maji karibu palepale. Msukosuko ninaousema ni wa maji yenyewe kuchanganyika.)

Chombo nacho kina sehemu yake. Ngalawa ikikata maji kwa mita 2 kwa sekunde, maji yanayogusa ubao kuanzia omo, mbele ya chombo, hubaki matulivu kwa masafa mafupi mno kabla hayajaanza kuviringika. Ukipiga hesabu kwa bahari yetu ya moto na ubao laini, unapata kiasi cha sentimita 22. Shibiri moja. Urefu wote uliobaki hadi tezi, nyuma yake, ni msukosuko mwembamba ulioganda na chombo. Mafundi wanaopaka sifa (mafuta ya papa) na deheni (mafuta yaliyochanganywa na chokaa), pamoja na kuuhifadhi ubao, wanaulainisha, na hapo ulaini ni faida kubwa, kwa sababu kila kinundu kinauongezea msukosuko huo nguvu ya kuvuta chombo nyuma.

Lakini mahali ambapo hesabu hii inamgusa kila mtu ni mfereji wa nyumbani. Chukua bomba la nusu inchi, lenye uwazi wa kiasi cha milimita 15, na maji ya joto la kwetu. Jaza ndoo ya lita 20. Ndoo ikichukua dakika 16 kujaa, maji ndani ya bomba yapo karibu na namba 2,000, mpakani penyewe. Ikichukua nusu saa, wengi wetu tumeshawahi kuisubiri ndoo kama hiyo, mtiririko ni tulivu, na yale maji yanatoka mferejini yamenyooka, meupe kama kioo. Ikijaa kwa dakika 2, namba iko juu ya 16,000 na bomba zima ni visulisuli.

Sasa angalia bei yake. Kama maji yangebaki matulivu, kuijaza ndoo mara nane haraka zaidi kungehitaji msukumo mara nane zaidi. Kwa sababu yamevurugika, msukumo unaoliwa na msuguano ndani ya bomba hilo unapanda baina ya mara 55 na 60. Nguvu iliyozidi inakwenda kuviringisha maji: kisulisuli kikubwa kinavunjika kuwa vidogo, vidogo kuwa vidogo zaidi, mpaka mnato unavimaliza na kuvigeuza joto dogo lisilomfaa mtu. Pampu inalipa, na umeme wa pampu hiyo unatufikia kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka bara. Nyumba ya mwisho wa laini inapokosa maji saa ambayo majirani wote wamefungua mifereji, sababu ni nyingi, lakini hii haikosekani: kila kipande cha bomba kinachojazwa kwa haraka kinakula msukumo kupita kiasi ambacho mtu angekisia kwa akili ya kawaida. Bomba pana zaidi kidogo lingeokoa sana. Mafundi wetu wengi wanalijua hilo kwa uzoefu. Ningependa na wanaopanga bajeti walijue kwa hesabu.

Narudi kwenye mpaka. Daftari linasema 2,000. Reynolds mwenyewe, alipoyaacha maji ya tangi yatulie kwa muda mrefu na kuulainisha mdomo wa bomba, aliufikisha utulivu hadi karibu 13,000. Waliokuja baadaye, kwa uangalifu zaidi, wamefika 100,000. Na waliporudia jaribio lake mjini Manchester karibu miaka 100 baadaye, kwa kifaa chake kilekile, hawakuweza kufika alipofika yeye, kwa sababu mtetemo wa magari mitaani ulikuwa unayavuruga maji mapema. Mpaka gani huu, unaosogezwa na gari linalopita nje?

Jibu ni kwamba kuna maswali mawili, na daftari limeyafanya moja. Swali la kwanza: fujo itaanzaje? La pili: ikishaanza, itaweza kuishi? Moshi wa udi ni mwepesi kwenye swali la kwanza. Hauna ukuta wa kuushika, na ukishapanda vya kutosha kila tetemeko dogo linakua lenyewe, hivyo kutulia kwetu kulichelewesha tu kuvunjika kwake. Bomba la duara ni tafauti. Ndani yake tetemeko dogo kabisa hufa, hata kasi iwe kubwa. Hakuna hesabu iliyowahi kuonyesha vyenginevyo. Ili maji yavurugike lazima yasukumwe kwa nguvu inayotosha, na kadiri namba inavyopanda ndivyo msukumo unaotosha unavyokuwa mdogo. Mwishowe lori la mtaani linatosha.

Swali la pili ndilo lililochukua zaidi ya karne. Karibu na mpaka, msukosuko haulijazi bomba. Unakaa kwa mabonge, kila bonge lina urefu wa kiasi cha mara 20 ya upana wa bomba, na mbele na nyuma yake maji ni matulivu kabisa. Reynolds aliyaona yakipita mbele ya macho yake kama mimweko. Bonge linasafiri na maji, na linaweza kusafiri mbali sana, halafu bila dalili yoyote likafa, rangi ikanyooka tena kama hapakutokea kitu. Ukiongeza kasi, umri wake unarefuka mno, lakini bado ni kiumbe wa kufa. Wakati huohuo linapata uwezo mpya: linaweza kujigawa, likawa mawili. Mwaka 2011 Björn Hof na wenzake walichapisha walichokipata kwa kuyafuatilia mabonge hayo ndani ya mirija mirefu ya kioo na kwenye kompyuta. Wakalinganisha muda wa bonge kufa na muda wa bonge kuzaa. Chini ya 2,040 vifo vinatangulia, na msukosuko wote, hata ukiuanzisha vipi, hatimaye unazimika. Juu ya 2,040 uzazi unatangulia, na msukosuko unabaki. Katika namba hiyo yenyewe mambo yote mawili ni adimu sana, kiasi kwamba ili kuyaona yakitokea kwa kawaida bomba lingehitaji urefu wa kilomita nyingi.

Mwanafunzi aliyehifadhi 2,000 hayuko mbali na 2,040, na kwa mtihani inamtosha. Lakini anachokijua na kilichopo ni vitu viwili. Yeye anadhani ni kasi ambayo maji "yanashindwa kuvumilia". Ukweli ni mizani ya vifo na vizazi.

Mizani hiyo sisi tunaijua kwa sura nyengine. Mwanafizikia wa Ufaransa, Yves Pomeau, alitoa wazo mwaka 1986 kwamba msukosuko unaenea kama uambukizi: maji matulivu hayawezi kuanza fujo yenyewe, lazima yaguswe na maji yaliyokwisha kuvurugika. Mwaka 2016 vikundi viwili, kimoja Japani na chengine Ulaya, vilichapisha majaribio yaliyolithibitisha hilo katika mitiririko ya aina nyengine. Aliyeishi Unguja au Pemba msimu wa kipindupindu hahitaji kuelezwa sana. Kila mgonjwa akiambukiza, kwa wastani, chini ya mtu mmoja, maradhi yatakwisha, ingawa yanaweza kukawia. Akiambukiza zaidi ya mmoja, yanabaki nasi. Mjini panaweza kuwa na mtaa umeshambuliwa na mtaa wa pili mzima, upande kwa upande, kama bonge na maji matulivu. Ni hesabu moja. Nilipoielewa mara ya kwanza nilikaa barazani nikiwa sisemi kitu, na bado naona ni miongoni mwa mambo mazuri ambayo akili ya binadamu imeyafikia katika zama zetu.

Ndiyo maana nasema tusimfundishe mtoto namba kabla ya kumuonyesha moshi. Kifaa anacho: chetezo, rula, saa. Aandike urefu wa uzi mlango ukiwa wazi na ukiwa umefungwa, mara ishirini kila hali, na aone kwamba hapati jibu moja bali mtawanyiko wa majibu. Hapo aulizwe kwa nini, na aulizwe kwa Kiswahili. Neno msukosuko lipo na linatosha. Sipendi wanaoandika "machafuko", kwa sababu neno hilo limeshahukumu kwamba jambo ni baya.

Na si baya. Mwezi uliopita nilikuwa Jambiani wakati wa bamvua, maji yamekupwa, wakulima wa mwani wako mashambani kwao. Kilimo hiki kilianza rasmi pwani hiyo ya mashariki, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na wengi wanaokifanya ni wanawake. Nilimkuta bi mkubwa mmoja ameinama, anafungua kamba kwenye vijiti.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Pita huko, usinikanyagie kamba."

Kamba alizokuwa anazing'oa zilikuwa nyuma ya fungu la mchanga. Alininyanyulia moja. Mwani wake ulikuwa mwembamba, rangi imefifia, na juu ya kila tawi umekaa utando wa vumbi laini la bahari, mpaka ukipitisha kidole kinaacha alama. Akanionyesha nyengine, hatua kama arobaini kutoka hapo, karibu na mahali maji yanapoingilia: mnene, safi, unateleza mkononi.

"Mbegu ni moja," akasema. "Siku moja nimezifunga. Lakini pale maji yamelala, mwani haushibi."

Haushibi. Katika vitabu jambo hilo limeandikwa kwa kurasa nyingi. Maji yanayogusa tawi la mwani hayatembei, yameshikwa na mnato, na chakula kilichomo baharini hakina budi kupenya tabaka hilo lililosimama taratibu, chembe kwa chembe, kama harufu inavyojipenyeza chumbani pasipo upepo. Maji yakilala, tabaka ni nene na njia ni ndefu. Mkondo ukipita kwa msukosuko, visulisuli vinalikwangua tabaka hilo likawa jembamba, vinaleta maji mapya, vinaondoa vumbi, na pia vinachanganya maji ya moto ya juu na yaliyo baridi zaidi. Visulisuli vilevile vinavyokula umeme wa pampu ndivyo vinavyolisha mwani.

Nikamuuliza kwa nini asizipeleke zote kwenye kingo kabisa ya mlango wa maji, penye kasi. Akacheka. "Kusi likija yatanikatia matawi yote, nitaokota ufukweni na watoto wa watu." Alikuwa ameshachagua pahala pake, baina ya fungu na mlango, na hakupapima kwa chombo. Alichota konzi ya mchanga mlaini, akauachia majini usawa wa magoti, akautazama unavyokwenda. Ulipozama wima alitikisa kichwa akasogea. Alirudia mara tatu. Mara ya nne mchanga ulikwenda mshazari, ukajiviringa mara mbili ndipo ukatua, naye akachomeka kijiti cha kwanza.